Midomo ya Punda

"Bosi, hii sauti ni MP3. Nipe WAV."

Fundi Midomo, mchoraji wa midomo ya katuni, hakubisha hodi wala hakukaa. Bosi aliinua uso polepole. Ilikuwa asubuhi ya siku yenyewe: saa nane mchana katuni nzima ingetazamwa, na bosi alishamwahidi kwamba punda akizungumza vizuri, yeye ataachana na vibarua na kupata ajira ya kudumu.

"Ni sentensi moja tu ya mwisho, Ndevu ameirekodi upya. Nani atasikia tofauti?"

"Mimi naiona. MP3 inabana sauti, vipande vingine inavitupa. Halafu inaongeza ukimya kidogo mwanzoni, mdomo unachelewa. Programu ndiyo inayosoma sauti na kuchagua umbo la mdomo. Ukiipa nusu sauti, punda atatafuna maneno."

"Kwani umeisikiliza?"

"Nimeisikiliza weee. Ndevu amenivunja mbavu."

Bosi alimkazia macho, kisha akageukia kompyuta na kumtumia WAV.

Ndivyo alivyokuwa Fundi, king'ang'anizi wa kupindukia. Hedifoni zake kubwa hazikutoka kichwani tangu anaingia hadi anatoka. Ukimtaka, mguse bega. Simu hapokei, umwandikie. Wapo waliosema anaringa. Juzi kengele ya moto ilipojaribiwa, jengo zima lilimwagika nje, yeye akabaki anachora kwato. Bosi mwenyewe alipanda ngazi kwenda kumtoa.

"Kazi imenikolea, bosi," alijitetea huku anacheka. Bosi hakucheka.

Mtu pekee aliyemshinda ofisini ni Ndevu, aliyeigiza sauti za wanyama wote. Kwanza hafuati maandishi, anasema lolote linalomjia. Pili, hizo ndevu zenyewe zimemfunika mdomo wote.

"Nyoa hilo zulia, tuelewane," Fundi alimwambia kila mara, na Ndevu alidhani ni utani.

Lakini huwezi kumlaumu Fundi kwa kung'ang'ania. Kazi yake ya kwanza ilikwenda na homa. Alilazwa hospitali hajitambui, na alipotoka alikuta kiti chake kina mtu na mezani kuna kadi ya pole iliyosainiwa na ofisi nzima. Pole ile ilimuuma kuliko homa. Alisaga soli mpaka akakonda, na kila mlango ulimpa pole nyingine. Mkewe ndiye aliyemfundisha upya, jioni baada ya jioni, wamekaa mbele ya kioo, mpaka akaweza kuingia ofisi ngeni na kuongea na watu bila woga. Safari hii aliapa hapewi pole na mtu.

Basi akaingiza WAV. Sauti ikajitandaza kwenye skrini, vilima na mabonde, safi, hakuna kilichotupwa. Akakibandika kilima cha kwanza kwenye picha ambayo punda anafumbua mdomo. Programu ikapendekeza maumbo, yeye akapita nyuma yake akirekebisha: hapa midomo ikutane, hapa ulimi uguse meno. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ukiichezesha filamu inakwama, kwa hiyo alikagua picha mojamoja. Hakula chakula cha mchana. Alipomaliza, mgongo ulikuwa umekufa ganzi, na alimtumia mkewe ujumbe: "Leo tunaipata."

Saa nane wakajazana chumba cha maonyesho, taa zikazimwa. Fundi akachagua kiti cha pembeni, anakoona ukuta na nyuso za watu. Katuni ilikwenda vizuri. Wenzake walipocheka, naye alicheka. Alishaanza kuona jina lake limebandikwa kwenye mlango.

Ikafika sentensi ya mwisho. Punda alisimama juu ya kilima, akawageukia watazamaji, akafumbua mdomo. Hakuna picha hata moja iliyochelewa. Fundi hajawahi kuchora midomo mizuri namna ile. Akacheka, kama alivyozoea kucheka kila Ndevu anapomaliza mzaha.

Akajikuta anacheka peke yake. Ndevu alikuwa ameinamisha kichwa. Bosi hakuwa anautazama ukuta kabisa. Alikuwa anamtazama yeye, na macho yake yalikuwa na pole.

Fundi akarudisha macho ukutani, ambako mwendesha mitambo alikuwa amekirudisha kipande cha mwisho kianze tena. Punda akageuka, akafumbua mdomo, na safari hii Fundi akausoma, neno kwa neno, kwenye midomo aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe: "Fundi, kama unanisikia, njoo ofisini kwa bosi kabla ya saa sita."