Kidirisha cha Jessé

Tangu mumewe afe, kila Agar akifungua kompyuta yake, kidirisha kilichomoza pembeni: nikujazie neno la siri la Jessé? Alikifunga mbiombio, asilione lile jina.

Leo ni siku ya kutosha kilio, kuondoa matanga. Nyumba imefurika wanakwaya waliokuja kuisikia sauti ya mwenzao, nyimbo alizozitunza mtandaoni, ambazo Agar hajathubutu kuzisikiliza hata mara moja. Kidirisha kikachomoza mbele ya wote.

“Ee, marehemu anabisha hodi!” mama mmoja akatania. Wakaangua kicheko. Machozi yakamlenga Agar.

“Shemeki, tosha hii kintu, inanisumbua roho.”

Shemeji yake, fundi wa kompyuta, akaifuta programu nzima iliyotunza maneno ya siri. “Nimeitosha na mizizi yake, mama. Haitarudia tena.”

Agar akafungua ukurasa wa nyimbo. Kisanduku cheupe kikatokea, kimstari kinapepesa ndani yake. Pembeni hapakuchomoza kitu.

“Weka mot de passe, mama, tumusikie bwana yako!” wakapiga makofi.

Shemeji akamgeukia polepole. “Alikwambiaka hilo neno la siri, sivyo?”

Kidole cha Agar kikabaki hewani, juu ya herufi.