Godoro Kichwani

Risasi zilipoanza kulia kwenye kilima cha wanajeshi, Godelieve alijitwika godoro akatoka mbio, kama wanavyofanya watu wote wa kijiji cha Mushaki vita vikianza.

"Mama, tua godoro!" jirani yake akapaza sauti, redio ya mpira sikioni, machozi yakimtiririka. "Leopards ya Congo yetu wamefunga! Bao hii njo inatupeleka Kombe ya Dunia!"

Godelieve akageuka. Hata kilima cha ng'ambo, cha waasi, kilikuwa kinafyatua, risasi zote zikienda juu, na vifijo vikiteremka bondeni. Miaka mitatu vilima hivyo vilikuwa vikipigana.

Majani ya godoro yalimdondokea shingoni. Hakuyapangusa.

"Ngoja kwanza," jirani akasema. "Arbitre iko anaangalia video, kama atakubali bao."

Vilima vyote viwili vikanyamaza kwa pamoja.

Godelieve akalishika godoro kwa mikono miwili.