Mlolongo wa Kagure

Asubuhi redio ilisema waziri mkuu wa kisiwa fulani cha Pasifiki, aliyeng'olewa na wabunge mara tatu, amerudia kiti chake. Kagure, aliyeng'olewa mara moja tu kwenye uenyekiti wa mfereji, akavaa gambuti zake za mpira.

Sasa wakulima wa mpunga wa Wang'uru walikuwa wakimchagua mwenyekiti wa mfereji kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya amtakaye. Nyuma ya Kagure walisimama wachache. Mumewe alikuwa kwa mpinzani, macho chini.

"Mama, si ujitoe tu," msimamizi akasema.

Kagure akamwendea mumewe, akamtoa jembe begani. "Hii ni yangu. Kesho nazibua mfereji, niwe mwenyekiti ama nisiwe."

Akarudi mahali pake, hakugeuka. Kwenye mlolongo wa mpinzani, gambuti zikaanza kuchomoka matopeni, zikija nyuma yake.