Mkononi Kashika

Khitma ya shangazi yao ilipokwisha, Zena alimfuata kaka yake chumbani kwa marehemu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Badi, niwekee ile kanda. Nataka kusikia habari za mama."

Mama yao alifariki siku aliyomzaa Zena, na aliyekuwa naye ni shangazi peke yake. Badi alisita. Mwaka jana alimrekodi shangazi kwa ajili ya utafiti wake wa vitenzi vya kale, na tangu hapo alikuwa akiisikiliza kanda kwa sikio la mwanachuoni tu. Akabonyeza.

Sauti ya marehemu ikakijaza chumba, taratibu: "Nikaingia. Nikamkuta mama yenu yulele, mkononi kashika..."

"Yulele!" Badi alidakia humo kandani, kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. "Siku hizi watu husema amelala. Shangazi, hiyo umeipata wapi?"

Aliipata kwa bibi yake, na bibi kwa mamake. Badi aliulizia ukoo mzima. Mwisho shangazi alicheka, akasema amechoka, mengine watayamaliza siku nyingine.

"Kashika nini?" Zena aliuliza.

Badi akairudisha kanda nyuma. Nje, wanawake walikuwa wakisugua masufuria. Shangazi akaingia tena, akamkuta tena mama yao yulele, mkononi kashika...

Zena akaizima hapohapo, kabla kaka yake hajafurahi.