Jina Lililopapaswa

Katika riwaya aliyokuwa akiiandika Tunu, askari asiye Mrumi alitumikia jeshi la Roma miaka ishirini na mitano ili apate dhahabu. Bwana Shaali, mtunza makumbusho, aliposikia hayo akamwekea mezani kibao cha shaba, kidogo kama kiganja.

"Wengi walivumilia kwa ajili ya hiki, dada. Kinasema kuanzia leo askari huyu ni raia wa Roma, na watoto wake pia."

"Na hapa palipofutika?"

"Jina la binti yake. Maneno yalichongwa mara mbili, ndani na nje. Upande wa ndani lipo zima. Huku nje lilipapaswa kwa kidole mpaka likaisha, pakabaki kibonyeo."

Tunu akaweka kidole kwenye kibonyeo kile laini. Kidole kikaingia sawasawa, kana kwamba baba yule ametoa chake sasa hivi.