Prosesa Mbili

Kavuo aliona skrini ya maabara imeganda, akajua mara moja ni kazi ya nani.

Seva ya hospitali yao ya Butembo ilikuwa na prosesa nane. Kavuo, msimamizi wa seva hiyo, alikuwa amemruhusu mtaalamu kutoka Goma kutumia mbili tu kujaribia programu yake mpya.

"Chombo changu cha majaribio kinachukua zote nane, madame," alisema yule bwana, macho kwenye simu yake. "Mipaka yako hakiisomi. Ngojea dakika kumi, ni test tu."

Muuguzi akatokea mlangoni, glavu zimelowa damu mpaka kwenye vifundo vya mikono. "Kavuo, mama aliyezaa kule maternité anaisha na damu! Groupe yake ya damu iko ndani ya mashine."

Kavuo akalizima lile jaribio.

"Mais, lakini ni kazi yangu ya siku tatu!" mgeni akafoka.

"Kwetu, mutu akipewa sahani mbili akakula nane, hatumuitake mutaalamu."

Skrini ikaamka. Muuguzi akasoma: O négatif. Kwenye friji hapakuwa na hata mfuko mmoja wa damu hiyo.

Kavuo akamgeukia mgeni, akampima kwa macho kuanzia viatu.

"Na wewe, groupe yako ni gani?"