Giboni Aliyeimba Sauti Mbili

Giboni, nyani mdogo wa mitini asiye na mkia, huimba alfajiri na mkewe, wakipokezana. Giboni mmoja alifiwa. Akaona haya kusikika mpweke, basi akajifunza sauti ya mke, akawa anaimba zote mbili.

Siku moja Hondohondo alitua kwake. "Shemeji hajambo?"

"Alifariki masika yaliyopita."

"Ala! Na ile sauti yake ninayoisikia?"

"Ni yangu."

"Masikini, bwana we! Jana alipita mjane wa kabila lako. Alisikiliza, akasema, 'Huyu ana mkewe,' akaenda zake mbali."

Kesho yake Giboni aliimba sehemu yake tu, akanyamaza, akaacha nafasi ya mwenziwe. Mpaka leo huimba hivyo, kisha husikiliza.